Ini, Mrututu na Kigae: Jinsi ya Kuonyesha Darasani Metali Zinavyoua Kichocheo cha Kusafishia Mafuta

Swali lilitoka upande wa dirishani. Tulikuwa tumemaliza kasi ya mmenyuko, na ubaoni nilikuwa nimeacha ile sentensi ambayo kila aliyepitia kemia Kenya ameikariri: kichocheo huharakisha mmenyuko, lakini chenyewe hubaki kama kilivyokuwa. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama hakiishi, mbona viwanda vya kusafisha mafuta hununua kingine kila siku?"

Babake ni dereva wa lori la mafuta, hupakia hapa Kisumu na kuvuka Busia, kwa hiyo kwao mafuta huzungumzwa mezani kama sisi wengine tunavyozungumzia omena. Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho yake nikajibu kwa mdomo mtupu: kichocheo hutiwa sumu na metali. Wakaandika. Katika mtihani wa katikati ya muhula nikasoma majibu yanayosema kwamba wafanyakazi wa viwandani hufa kwa kunywa kichocheo. Kosa lilikuwa langu, nilitaka chaki ifanye kazi isiyo yake.

Hata kuwapeleka kiwandani wakaone haiwezekani. Kiwanda cha Changamwe, kule Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na mafuta yanayosukumwa kwenye bomba hadi Nakuru, Eldoret na hapa kwetu huingia nchini yakiwa yamesafishwa tayari. Basi nikatafuta njia ya kuleta kiwanda maabara, kwa vitu ambavyo mwalimu wa shule ya kutwa anaweza kuviokota kati ya Kondele na soko la Kibuye. Inahitaji kipindi pacha, dakika 80, na maandalizi ya jioni moja. Mwanafunzi anayetafuta mradi wa maonyesho ya sayansi pia anaweza kuitumia.

Kwanza elewa unachokionyesha

Mafuta ghafi hutoka ardhini na uchafu wake: maji, chumvi, mchanga, salfa, na metali kidogo sana. Metali zinazosumbua zaidi ni nikeli na vanadiamu. Nasema metali makusudi. Ukisema vyuma, watoto wanawaza misumari ndani ya pipa, na hapa tunazungumzia atomu moja moja. Nyingi za atomu hizo zimekaa katikati ya pete ya kaboni na nitrojeni iitwayo pofirini. Mkemia Mjerumani Alfred Treibs alizitambua pete hizo ndani ya mafuta ghafi miaka ya 1930, na ukawa ushahidi mzito kwamba mafuta yametokana na viumbe hai, maana pete ya jamii hiyo hiyo ndiyo inayoshika magnesi kwenye ukijani wa sukuma wiki na chuma kwenye damu yetu. Liweke hilo akilini, tutalihitaji tukifika kwenye ini.

Pete hizo ni nzito, hazigeuki mvuke upesi. Mafuta ghafi yanapochemshwa na kutenganishwa mnarani, petroli na mafuta ya taa hupanda juu yakiwa karibu hayana metali, na metali hubaki chini pamoja na mabaki mazito. Mabaki hayo hayatupwi. Molekuli zake ndefu hupasuliwa ziwe fupi za petroli, na mtambo mkuu wa kazi hiyo hutumia kichocheo cha unga. Punje za unga huo zina upana wa takriban maikromita 70, na ukipuliziwa mvuke hutiririka kama maji. Mtambo wa kwanza wa kibiashara wa aina hiyo uliwashwa Baton Rouge, Marekani, mwaka 1942. Unga hukutana na mafuta kwenye joto la nyuzi 500 hadi 540 hivi, kwa sekunde chache tu. Molekuli zinapasuka, na unga unatoka mweusi kwa kaboni. Hapo husukumwa hadi chombo cha pili, hewa ikapulizwa, kaboni ikaungua kwenye joto la kama nyuzi 700, kisha unga ukarudi kazini. Usiku na mchana.

Kaboni huungua ikaondoka. Metali iliyoletwa na mafuta hayo hayo hubaki juu ya punje, mzunguko baada ya mzunguko. Jibu la msichana wangu lipo hapo, lakini usilitoe bado. Waache walione.

Kikombe kilichovunjika

Anza na jaribio jepesi. Kila chumba cha walimu kina kikombe cheupe cha udongo kisicho na mkono. Kivunje, chukua vigae viwili. Kimoja kishikilie juu ya koroboi hadi kiwe cheusi tii. Cha pili kipake maji ya kutu, yaani waya wa kusugulia sufuria uliolowekwa kwenye maji ya chumvi siku tatu, ukiache kikauke. Sasa kila kimoja kishike kwa koleo ndani ya mwali wa buluu wa Bunsen. Masizi yanaanza kuliwa kutoka ukingoni, weupe unarudi, na baada ya muda kigae ni kama kipya. Kile cha kutu unaweza kukichoma hadi kengele ya chakula cha mchana ilie. Doa litakolea rangi, lakini haliendi kokote. Waulize ni kipi kinaweza kurudi kazini. Usiseme zaidi, nenda kwenye ini.

Ini

Nunua robo kilo ya ini bichi la ng'ombe. Muuza bucha wangu ameshanizoea: "Mwalimu, leo ni la kula au la kuua?" Lililokaa kwenye friji siku moja mbili linafanya kazi vizuri. Lililopikwa halina maana yoyote, moto umeshaua kile tunachokitafuta.

Hidrojeni peroksidi utaipata kwa kemisti au kwenye maduka ya bidhaa za saluni. Soma chupa. Unataka ya asilimia 6, ile inayoandikwa voliumu 20, maana yake mililita moja hutoa mililita 20 za oksijeni. Saluni huuza pia ya voliumu 40 ya kubadilisha rangi ya nywele. Mwaka wa kwanza nilichukua hiyo kwa haraka. Povu lilitoka likiwa moto, likapita meza, likaingia kwenye daftari la mahudhurio, na nikabaki nikimweleza mwalimu mkuu kwa nini Kidato cha Tatu Mashariki hakikuwepo shuleni wiki nzima. Hiyo ya asilimia 6 nayo izimue kwa maji kiasi sawa, upate asilimia 3. Miwani na glavu ni lazima hata hivyo.

Mrututu, yaani salfeti ya shaba, uko kwenye duka lolote la pembejeo. Pima gramu 10, yeyusha kwenye maji, fikisha mililita 100. Chupa hiyo iite A. Chukua mililita 10 za A, ongeza maji hadi 100, hiyo ni B. Fanya vivyo hivyo kutoka B upate C. Kwa hiyo kila chupa ina sehemu moja ya kumi ya ile iliyotangulia.

Ponda gramu 20 za ini na mililita 100 za maji kwenye kinu, chuja kwa kichujio cha chai. Panga neli tano juu ya sinia (sinia usiisahau). Nne za kwanza zitie mililita 2 za maji ya ini kila moja. Kisha ya kwanza iongeze mililita 2 za maji matupu, ya pili C, ya tatu B, ya nne A. Neli ya tano haina ini: mililita 2 za maji na mililita 2 za A. Zote zitie tone la sabuni ya vyombo. Subiri dakika tano kamili, na humo usiruhusu mtu aseme "tuanze", kwa sababu shaba inahitaji muda wa kushikamana na protini. Wakati huo waonyeshe neli ya nne: yale maji mekundu ya ini yameganda mabonge yenye rangi ya kijani chafu.

Sasa wanafunzi watano, kila mmoja na mililita 4 za peroksidi, wamimine pamoja.

Ya kwanza inalipuka povu hadi kwenye sinia, na watoto wanapiga kelele kila mwaka kama hawakuonywa. Ya C usitarajie mengi, mara nyingine inakaribia ya kwanza. Ya B imepungua, unaiona kwa macho. Ya A povu linatambaa, linapanda kidogo, linachoka. Wakati wote wanatazama zile nne, mimi humwita mmoja ainue ya tano kwenye mwanga. Ukitazama kwa utulivu, kuna viputo vidogo vimeshika ukuta wa kioo, vinaachia kimoja kimoja. Ini halimo humo.

Hapa ndipo ninapotumia nusu ya kipindi, na wewe usipite haraka.

Kinachofanya kazi ndani ya ini ni kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwilini, kiitwacho katalesi, na moyo wa katalesi ni atomu ya chuma iliyokaa katikati ya pete ya pofirini. Ni jamii ya pete ile ile iliyobeba nikeli na vanadiamu kwenye mafuta ghafi. Shaba ya mrututu haikukila kimeng'enya wala haikukimaliza. Ini lote limo ndani ya neli, hata uzito umeongezeka. Protini yake imeshikwa na kupindwa, basi. Kwa hiyo sentensi ya ubaoni ni ya kweli: mmenyuko wenyewe haukimalizi kichocheo. Kinachokimaliza ni kile kinachokuja na malighafi.

Na neli ya tano inasema jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita: metali inayovamia ina kazi yake yenyewe. Shaba inatoa viputo vyake, pole pole, bila kuombwa. Nikeli juu ya kichocheo cha kupasua mafuta hufanya hivyo hivyo, na kwa nguvu zaidi. Waulize wanafunzi nikeli wameijulia wapi. Watasema kwenye siagi ya mimea: nikeli hupachika hidrojeni kwenye mafuta ya maji maji hadi yagande. Ndani ya mtambo wa kupasua hakuna hidrojeni inayosukumwa kwa shinikizo, joto limepita nyuzi 500, na nikeli ile ile inageuza mwendo. Huchomoa hidrojeni kutoka kwenye molekuli, na kinachobaki ni kaboni. Molekuli iliyopaswa kuwa petroli imekuwa gesi na masizi. Kompresa ya gesi inalemewa na hidrojeni isiyotakiwa, na chombo cha kuchomea kinazidiwa na kaboni. Wahandisi hulijua tatizo hilo kwa kupima hidrojeni ikilinganishwa na methani kwenye gesi inayotoka. Uwiano ukianza kupanda, nikeli imejaa.

Vanadiamu nayo? Kila mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa KCSE anaijua kama shujaa. Katika kutengeneza asidi ya salfuriki, oksidi ya vanadiamu ndiyo kichocheo kwenye nyuzi 450, ikachukua nafasi ya platinamu kwa sababu platinamu ni ghali na huharibiwa upesi na aseniki. Swali hilo huulizwa karibu kila msimu na wanalijibu wakiwa wamefumba macho. Sasa waambie oksidi hiyo hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 690 hivi, na chombo cha kuchomea kaboni kina joto la kama hilo, kina hewa, na kina mvuke wa maji. Vanadiamu iliyoletwa na mafuta inageuka oksidi humo, inaungana na mvuke kuwa asidi, na asidi hiyo inahama kutoka punje hadi punje. Nguvu ya unga huu iko kwenye zeolaiti, fuwele yenye vyumba vidogo vya alumini, silikoni na oksijeni, na vanadiamu hubomoa kuta zake. Zeolaiti iliyobomoka hairudi, uichome usichome. Sodiamu ikiwepo uharibifu huongezeka, ndiyo maana chumvi huoshwa kwenye mafuta ghafi kabla hayajafika popote.

Nikeli, kwa upande wake, haihami sana. Inakaa ilipotua. Katika kuchomoa hidrojeni, vanadiamu huhesabiwa kuwa na nguvu ya kama robo ya nikeli, hivyo wengi huzijumlisha kwa kanuni fupi: nikeli, ongeza vanadiamu gawanya kwa nne. Ni kanuni ya gesi na kaboni tu, haisemi lolote kuhusu kuta zilizobomoka. Mwanafunzi mwerevu ataliona pengo hilo kabla hujalitaja.

Kigae cha agulu

Kuna kifo kingine cha kichocheo ambacho ini haliwezi kukionyesha. Vichocheo vingi ni vigumu kwa nje lakini ndani vimejaa vitundu, na eneo la kazi karibu lote liko ndani ya vitundu hivyo. Metali ikijazana mlangoni, ndani kubaki kupya hakusaidii.

Nenda kwa akina mama wanaouza vyungu. Agulu, yaani chungu, iliyovunjika watakupa kwa bei ya chai, mradi ni ya udongo mtupu isiyopakwa rangi ya kung'aa. Tengeneza vigae viwili vyenye ukubwa wa nusu kiganja. Vikaushe juu ya jiko nusu saa, kisha, na hili ni muhimu, viache vipoe kabisa. Yeyusha mshumaa kwenye mkebe uliokaa ndani ya maji ya moto, usiuweke kwenye mwali moja kwa moja. Kigae kimoja kichovye na kukitoa mara moja, pande zote, nta igande ngozini. Vipime vyote viwili. Vitumbukize kwenye maji dakika kumi, vifute kwa kitambaa, vipime tena.

Kile kitupu kinazomea kikiingia majini, na mlolongo wa viputo unapanda kutoka tumboni mwake. Gramu 50 zikiwa 56 usishangae. Cha nta kimekaa kimya, na uzito wake karibu haujabadilika. Sasa kifunge kwenye kitambaa, kipige nyundo, na upitishe vipande darasani. Waguse wenyewe: ndani ni kukavu, kwekundu, vumbi linabaki vidoleni. Nta ni unene wa ukucha tu.

Hivyo ndivyo ilivyo kwenye mitambo inayotumia hidrojeni kwa shinikizo kubwa kuondoa salfa kwenye mabaki mazito. Nikeli na vanadiamu hugeuka salfaidi, zikatua karibu na mdomo wa kitundu. Opereta huona kazi ikipungua, akapandisha joto kidogo ili kufidia, mwezi ujao akapandisha tena, hadi joto linapofika mwisho wake na mtambo unazimwa, kichocheo kinatolewa.

Mara ya kwanza nilikosea jaribio hili. Nilichukua kigae kikiwa bado moto, nikakisahau ndani ya nta nikijibu mlango. Nta ikapenya hadi katikati, na tulipokivunja hapakuwa na ngozi wala ndani, kote mafuta. Nilikasirika. Siku hizi nalifanya makusudi kama kigae cha tatu, maana ndivyo wahandisi wanavyotaka kwenye kichocheo cha kwanza kukutana na mafuta hayo: kina vitundu vipana ili metali iingie hadi ndani na kuhifadhika humo badala ya kuziba mlango. Kinajitoa mhanga, na vichocheo vyenye vitundu vyembamba vinavyofuata nyuma yake vinapata mafuta safi zaidi.

Hesabu ya gunia

Watauliza ni metali kiasi gani. Mafuta mepesi yana kidogo sana. Mazito ya Boscán, Venezuela, yana vanadiamu zaidi ya sehemu 1,000 kwa milioni. Sehemu moja kwa milioni ni gramu moja ndani ya tani. Gunia 11 za mahindi za kilo 90 ni karibu tani, na punje moja ya mahindi ina kama theluthi ya gramu, kwa hiyo ni punje tatu ndani ya magunia 11. Hapo darasa hucheka na kusema hiyo si kitu.

Waache wapige hesabu. Tuseme mtambo unapokea tani 5,000 za mafuta kwa siku, yenye nikeli sehemu moja tu kwa milioni. Hizo ni gramu 5,000, kilo tano za nikeli kila siku, na karibu zote zinakaa kwenye unga. Tuseme unga wote mtamboni ni tani 200. Kila siku nikeli inapanda kwa sehemu 25 kwa milioni. Siku 100 bila kufanya lolote, 2,500.

Sasa mtoe msichana wa dirishani aje ubaoni. Tuseme kila siku unatoa tani tatu za unga uliochoka na kuingiza tatu mpya. Nikeli itapanda hadi ile inayotoka na unga ilingane na ile inayoingia na mafuta: gramu 5,000 gawanya kwa tani 3, yaani kama 1,670 kwa milioni, na itasimama hapo. Ukitaka iwe nusu yake, utanunua tani sita kwa siku. Wangu aliandika jibu, akasimama akilitazama, akasema, "Kwa hiyo hawanunui kwa sababu kimeisha. Wananunua ili kuosha." Sikuongeza neno.

Dawa nyingine zitaje kwa kifupi kama muda umebaki. Tangu miaka ya 1970 viwanda huchanganya antimoni kidogo kwenye mafuta. Hutua juu ya nikeli na kuizima, ingawa haiiondoi. Kwa vanadiamu huwekwa chembe za mtego, zenye magnesi kwa mfano, ziikamate kabla haijaifikia zeolaiti. Mimi hujaribiwa kuyaeleza haya kwa kirefu na kila mara kengele hunikata.

Kuosha vyombo

Usimwage mrututu kwenye sinki. Mifereji yetu ina mwisho mmoja nao ni ziwa, na shaba huua samaki. Kusanya maji yote ya buluu kwenye ndoo ya plastiki, tumbukiza waya wa kusugulia sufuria, acha hadi siku ya pili. Buluu itafifia, na waya utakuwa umevaa shaba nyekundu. Kidato cha Pili wakipita waonyeshe, ni somo lao. Waya huo na mabonge ya ini yenye shaba yafunge kwenye mfuko uyapeleke kwenye shimo la taka la maabara, mbali na mbwa.

Ini lililobaki bila kuguswa na kitu hapo maabara halirudi jikoni kwa binadamu. Paka wa shule anaijua siku yenyewe, huwa amekaa mlangoni tangu kipindi cha pili.